KUTEMBEA SI UZURURAJI



Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za mishahara, za watu walioachishwa kazi bila notisi, na za makato ambayo hakuna awezaye kuyaeleza. Mwezi huu twataka kusema juu ya kutembea kwa miguu, baba na mama na watoto, siku ya mapumziko, kando ya mito yetu na katika mbuga zilizo karibu nasi hapa Kitengela na Kajiado. Twajua wako watakaocheka. Watasema: "Sisi twatembea kila siku. Alfajiri twatembea kwenda lango la kiwanda, jioni twatembea kurudi ili tubakize nauli. Chama kitatufundisha nini juu ya kutembea?"

Jawabu letu ni kwamba huko si kutembea, huko ni kujipeleka kazini kwa gharama yako mwenyewe. Mtu aendaye kazini huangalia saa na huangalia matope. Hana mtoto mkononi, wala hakuna anachokiona njiani ila mgongo wa mwenzake. Sisi twasema juu ya mwendo mwingine, ule wa pole pole, ambao mtoto wa miaka 4 auweza, na ambao mwishoni mwake hakuna msimamizi anayengoja na daftari.

Wala jambo hili si la anasa. Siku ya kupumzika haikuanguka kutoka mbinguni. (Wako wanachama watakaosema kwamba ilitoka mbinguni hasa, na hatubishani nao, lakini kiwandani haikuingia kwa njia hiyo.) Wafanya kazi wa Chicago walipogoma Mei 1886 walidai saa 8 za kazi, saa 8 za usingizi, na saa 8 za kufanya wapendavyo wenyewe, na watu walikufa kwa ajili ya madai hayo. Hapa kwetu, katika miaka ya 1930, chama alichokiongoza Makhan Singh mjini Nairobi kilidai siku ya kazi ya saa 8 wakati ambapo neno hilo lilikuwa kama uasi. Makhan Singh huyo alikamatwa Mei 1950 na akawekwa kizuizini hata 1961. Leo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 27, yasema kwamba mfanya kazi ana haki ya kupata siku moja ya mapumziko angalau katika kila siku 7. Kifungu cha 28 champa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na mshahara wake kamili. Maneno hayo machache yana damu na jela ndani yake.

Sasa natujiulize: siku hiyo iliyopatikana kwa taabu, twaifanyia nini?

Tuseme kweli. Kwa mama wa Kitengela anayeshona nguo katika eneo la EPZ kule Athi River, Jumapili ni siku ya beseni. Hufua nguo za juma zima, hupanga foleni ya maji, husuka nywele za watoto, hupika, na jua likitua amechoka kuliko alivyochoka Ijumaa. Baba hulala mpaka saa 5, kisha huenda kutazama mpira mahali penye chupa. Watoto hukaa chumbani, futi 10 kwa 10, wakigombania simu moja. Na hao ni wale wenye bahati. Wako wenzetu ambao ovataimu ya Jumapili huitwa ya hiari, lakini asiyeikubali hukuta juma lijalo jina lake limehamishwa kwenye zamu asiyoitaka. Hatutaji kiwanda, kila msomaji atajaza jina mwenyewe.

Hivyo twarudi kazini Jumatatu hatujapumzika. Mashine hupumzishwa ili isiharibike, na fundi hulipwa kuitia mafuta, lakini mwenye kuiendesha hajulikani alipumzikia wapi.

Zamani watu wetu hawakukatazwa kupumzika tu, walikatazwa hata kutembea. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika katika Kenya alitakiwa kuchukua kipande, ambacho wengi walikining'iniza shingoni katika kikasha cha chuma, na ndani yake mliandikwa ni nani amwajiriye na kwa mshahara gani. Aliyeonekana njiani bila hicho alikuwa mhalifu. Kipande kiliondolewa katika miaka ya 1940, lakini sheria ya uzururaji ilibaki vitabuni hata baada ya Uhuru, na haikufutwa ila mwaka 1997. Kwa hiyo kwa muda mrefu mtu maskini aliyekwenda mwendo usio na shughuli alikuwa mtu wa kushukiwa. Jambo hilo limeingia hata mioyoni mwetu. Mpaka leo ukimwambia mfanya kazi, "Twende tukatembee," atakuuliza, "Twende wapi? Kuna nini huko?" Na mlinzi wa mtaa wa nyumba za kisasa akiona mtu na mkewe na watoto 3 wakipita taratibu bila gari, huwauliza wanamtafuta nani. Hawamtafuti mtu. Wanatembea.

Basi twende wapi? Hilo ndilo swali la pili, na ni gumu zaidi.

Kitengela ya leo si ile waliyoijua wazee. Mahali hapa palikuwa malisho ya Wamaasai, na ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mtu akapewa shamba lake. Miaka miwili baadaye, 1990, ikaja sheria ya EPZ, viwanda vikajengwa Athi River, na watu wakaja kutafuta kazi na vyumba. Mashamba yakakatwa viwanja, na viwanja vikakatwa viwanja vidogo zaidi. Katika hesabu ya watu ya 2009 mji wetu ulikuwa na watu kama 58,000. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 154,000. Mji uliongezeka karibu mara 3 kwa miaka 10. Nyumba zilipanda juu, maduka yakafuata, baa hazikuchelewa. Lakini tafuteni katika mtaa wenu bustani ya umma yenye mti na kiti, mahali ambapo mtu aweza kukaa saa moja bila kununua kitu, kisha mtuandikie mmezikuta ngapi.

Na huku maji yapo! Hili ndilo linalotuuma. Kaskazini mwetu upo Mto Mbagathi, ambao Wamaasai huuita Empakasi. Upo Mto Kitengela, ambao mji umechukua jina lake ama mto umechukua jina la mji, wazee wabishane. Yote huingia katika Mto Athi, na Athi huzunguka kwa mbali, hupita nchi ya Wakamba, hukutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Mtoto wa Kitengela akiangusha jani katika mto ulio nyuma ya nyumba yao, kwa haki jani hilo lingeweza kufika baharini. Twauliza: ni watoto wangapi wa wanachama wetu wamewahi kuliangusha hilo jani?

Kajiado ndiyo zaidi. Mji huo umepewa jina na mto. Kwa Kimaasai jina hilo ni Olkejuado, maana yake mto mrefu. Mto wenyewe ni wa msimu, hupita magharibi ya mji, na sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mgeni akiuona hudhani ni barabara iliyosahauliwa. Lakini kwa familia yenye watoto wadogo hapana njia nzuri kuliko mto mkavu. Hakuna gari wala pikipiki, na mtoto akianguka huanguka juu ya mchanga. Asubuhi nyayo za mbuzi, za ndege na za watu waliotangulia husomeka kama gazeti. Penye visima vilivyochimbwa mchangani utaona ng'ombe wakingoja zamu, na huko mtoto wa mjini atajifunza jambo ambalo mfereji haukumfundisha, kwamba maji hukaa chini ya mchanga kama akiba hata mvua ikiwa imekwisha miezi mingi.

Kwa hiyo ni lazima tuseme juu ya malori. Mchanga wa mito ya Kajiado huchimbwa na kupelekwa Nairobi na hata hapa Kitengela kujenga hizo nyumba za kupanga. Hatuwalaumu vijana wanaopakia kwa sepetu. Hao ni wafanya kazi wenzetu, nao hulipwa kidogo kuliko wote katika biashara hiyo. Lakini mchanga ukichukuliwa mpaka mwamba uonekane, maji hayana pa kujificha. Kisima hukauka, kingo hubomoka, na mto uliokuwa njia ya mbuzi na watoto huwa shimo. Anayepata faida kubwa hakai kando ya mto huo. Tungependa chama cha wapakiaji, siku kitakapoundwa, kiwe cha kwanza kusema mchanga uchukuliwe kwa kipimo, kwa maana mchanga ukiisha kazi yao imekwisha pia.

Onyo moja juu ya mito ya mchanga: mvua ikinyesha mbali, milimani, maji huja kwa ghafula mahali ambapo mbingu ni nyeupe. Kukiwa na mawingu mazito upande wowote, kaeni juu kingoni. Tulijifunza sote katika masika ya 2024, Mto Athi ulipovunja kingo zake na kuingia nyumba za watu.

Mbagathi ni habari nyingine. Mto huo ndio mpaka wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mbuga ya kwanza ya taifa katika Kenya, iliyowekwa mwaka 1946, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117. Pande tatu zina ua. Upande wetu, upande wa mto, haukuzibwa, ili nyumbu na pundamilia wapate kutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Ni jambo la fahari kuwa jirani wa mahali kama hapo. Lakini nyumbu akitoka, na simba hutoka. Juni 2012 simba 6 waliuawa na watu hapa Kitengela kwa sababu walikuwa wameingia katika mazizi. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 alichukuliwa na simba katika ranchi iliyopakana na mbuga, na mwili wake ukakutwa karibu na mto. Hatuandiki haya ili kuwatisha. Twaandika kwa sababu wako wanaopenda kusifu kila mto na kila nyasi kama kwamba ni bustani ya maua. Ukingo wa Mbagathi unaotazamana na mbuga si mahali pa kupeleka watoto bila mwenyeji anayepajua, na kabla ya jua kupanda au baada ya saa 11 jioni si mahali pa mtu yeyote.

Anayetaka kuuona mto huo kwa salama na aingie mbugani kwa lango. Upande wa Athi River lipo lango liitwalo Cheetah, na si mbali na hapo yapo madimbwi ya viboko, ambapo watu hushuka katika gari na kutembea kando ya maji wakiwa na askari wa wanyama mwenye bunduki. Ni mwendo mfupi chini ya miti mikubwa, hata bibi auweza. Tumbili watawaibia ndizi, hilo ni hakika. Ndani ya mbuga hiyo hiyo pana mahali palipochomwa pembe za ndovu, tani 12 Julai 1989, na tena tani 105 Aprili 2016, nako watu huruhusiwa kushuka na kula chakula chao. Taabu ni mbili: hauingii kwa miguu, lazima uwe na gari, na kila mtu hulipa. Kwa familia ya watu 6 inayoishi kwa mshahara wa kiwandani, gari na kiingilio pamoja ni fedha za unga wa siku nyingi. Twaishi ng'ambo ya mto kutoka mbuga ambayo watalii huvuka bahari kuja kuiona, na wengi wetu tumeiona kutoka dirisha la matatu.

Basi hapa chama kina kazi. Gari moja kubwa likikodiwa na tawi, watu wakachanga kidogo kidogo kwa miezi 3, hesabu inawezekana. Twaona pia kwamba waajiri ambao hukodi mabasi kutuleta zamu ya usiku waweza kuyatoa mabasi hayo hayo mara moja kwa mwaka mchana wa Jumapili. Jambo hilo na liandikwe katika mapatano ya pamoja, kando ya posho ya nyumba. Msicheke. Likizo yenyewe ilichekwa ilipoombwa mara ya kwanza.

Wanaopenda kupanda juu, Vilima vya Ngong vimo katika kaunti hii hii yetu. Kutoka Kitengela mtu hupita Isinya, kisha barabara ya Kiserian, mpaka Ngong mjini, na juu ya mji kuna lango la watu wa misitu ambapo hulipwa ada. Mgongo wa vilima una minara ya umeme wa upepo, na mwanzo wake ni njia pana ambayo watoto huimudu. Upande mmoja mtaona Nairobi yote, upande wa pili Bonde la Ufa limefunguka chini yenu. Kilele cha juu kabisa ni mita 2,460 hivi, lakini hakuna aliyewatuma huko. Fikeni kilima cha kwanza au cha pili, mkale, mrudi. Chukueni sweta, upepo wa Ngong hauulizi mtu umri wake. Na wanachama wa upande wa Magadi wasidhani tumewasahau: Olorgesailie iko njiani kwao, mahali ambapo zamani za kale palikuwa na ziwa, na watu wa kwanza waliacha mashoka yao ya mawe kwa mamia. Mashoka hayo yako pale pale chini, na watu huyaangalia kutoka daraja la mbao. Tukiangalia idadi ya mashoka yale twashuku kwamba huko nako kulikuwa na mtu wa kuwahimiza.

Lakini tusijidanganye. Ngong ni safari, mbuga ni safari. Mfanya kazi ahitaji mahali pa kutembea ambapo hafiki kwa nauli. Ahitaji njia ya saa moja, kutoka mlangoni pake mpaka mtoni na kurudi, kila Jumapili, bila kuomba mtu. Njia za namna hiyo zilikuwapo. Ng'ombe walikuwa na njia zao kwenda majini, na wachungaji waliwafuata, na mpangaji wa kwanza wa Kitengela alifuata njia hiyo hiyo kwenda kufua. Kila mwaka njia moja hukutana na seng'enge, halafu na ukuta wa mawe, halafu na bango lisemalo kiwanja hiki kinauzwa. Hapa ndipo penye hatari, nasi twaona miaka michache ijayo ndiyo itakayoamua, kwa maana ukuta ukishajengwa hauondoki.

Sheria yasemaje? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, huhesabu mito kuwa ardhi ya umma. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 zakataza kulima au kujenga kando ya mto, kuanzia mita 6 hata mita 30 kila upande, kwa kipimo cha mahali maji yalipofika katika mafuriko makubwa kabisa. Kwa hiyo hata shamba likiwa na mwenyewe, ukanda ule wa kando ya maji hauruhusiwi kuwa ghorofa. Tena Nyongeza ya Nne ya Katiba, ikitaja kazi za kaunti, yaandika wazi mbuga za kaunti na mahali pa burudani. Yaani bustani ya watu si zawadi ya mwanasiasa siku ya kampeni. Ni kazi ya kaunti kama zahanati.

Lakini twataka kuwa waangalifu. Kukataza nyumba si sawa na kufungua njia. Mmaasai aliyebaki na eka zake kando ya mto ana haki ya kutotaka watu 100 wapite kati ya ng'ombe wake na kuacha karatasi za plastiki ambazo ndama watazila. Sisi hatusemi mtu avunje ua wa jirani. Uingereza, Aprili 24, 1932, mamia ya vijana wa viwandani wa Manchester walipanda mlima wa Kinder Scout ambao matajiri walikuwa wameufunga kwa ajili ya kuwinda ndege, na vijana 5 wakafungwa jela. Baadaye, 1949, ikatungwa sheria ya mbuga za taifa na njia za miguu, na vijana wale husifiwa mpaka leo. Twawaheshimu. Lakini wao walipanda juu ya ardhi ya makabaila. Sisi jirani yetu ni mfugaji ambaye babu yake alihamishwa kwa mapatano ya 1904 na ya 1911, na ambaye tangu hapo amepunguziwa ardhi kila mwaka. Hatutamfanya yeye alipe deni la kaunti.

Ipo njia bora, nayo imekwisha jaribiwa hapa hapa. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba wa Kitengela dola 4 kwa kila eka kwa mwaka, nao wakaahidi kutoweka ua, kutochimba mawe, na kuwaacha wanyama wapite. Malipo yalitolewa kwa awamu 3, wakati wa karo za shule. Hatusemi mpango ule haukuwa na kasoro. Fedha zake zilitegemea wafadhili, na mfadhili ni kama mvua ya Kajiado. Lakini ulithibitisha jambo moja kubwa: mwenye ardhi akilipwa kwa haki, njia hubaki wazi. Basi ikiwa pundamilia ameweza kukodiwa njia, je, mtoto wa mshona nguo hawezi? Ukanda wa mita 6 kando ya mto ni eka chache tu kwa kila kilomita. Kaunti na ikae na wenye mashamba, ipatane nao bei, ipime njia, iweke mawe ya mpaka na mapipa ya taka, na iajiri vijana wa hapo kuitunza kwa mshahara halali. Hatuombi majani ya kukatwa wala chemchemi yenye taa. Migunga iliyopo yatosha, ilimradi isikatwe makaa.

Wako wanaosema kaunti haina fedha. Huenda. Lakini bajeti ya kaunti hupelekwa kwa bunge lake kabla ya Aprili kwisha, na kabla ya hapo wananchi lazima waitwe kutoa maoni. Mikutano hiyo hufanywa mchana wa siku za kazi, nao wafanya kazi hawaendi, na wasiokwenda hawaandikwi. Tawi letu limeamua kuomba ruhusa ya wajumbe 2 kuhudhuria, na barua imeandikwa. Mwajiri akikataa tutawaarifu katika ukurasa huu. Wananchi wa Nairobi wangalikuwa hawana Uhuru Park, ambamo wafanya kazi wamelala majanini tangu 1969, lau mwaka 1989 Wangari Maathai asingalisimama kupinga jengo la ghorofa 60. Naye alianza kwa barua.

Neno moja kwa akina baba, kisha tutanyamaza. Mama hatatembea Jumapili ikiwa beseni limejaa. Nguo zaweza kufuliwa Jumamosi jioni, na mikono ya mwanamume haina ugonjwa unaozuia sabuni. Hatuoni maana ya kudai haki ya mapumziko kwa tajiri halafu kuinyima nyumbani.

Jumapili ya kwanza baada ya mishahara wanachama wa Kitengela na jamaa zao watakwenda Kajiado kutembea juu ya mto, kwa matatu 2 ambazo tawi limekwisha patana nazo bei. Kukutana ni saa 2 asubuhi katika stendi. Chukueni maji, chai, chapati au viazi vitamu, leso ya kukalia, kofia kwa watoto, na mfuko wa kurudishia taka. Viatu viwe vya kufunga, kwa maana miiba ya migunga hupita katika kandambili. Wenyeji wetu wa tawi la Kajiado watatuonyesha mahali pa kushukia, nao wameomba tusiguse visima vya mchangani kabla ng'ombe hawajanywa. Mvua ikinyesha usiku wa Jumamosi hatutashuka mtoni. Tutatembea kando ya reli ya Magadi, ambako watoto wakiwa na bahati wataona gari la moshi. Majina yapelekwe kwa mweka hazina kabla ya Ijumaa, pamoja na nauli. Atakayekuja na redio aipunguze sauti.